Cube: miezi saba nikiuguza wagonjwa wa Ebola kupitia ukuta wa plastiki

Niliingia kazi ya Ebola huko Kivu Kaskazini mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya mlipuko kutangazwa tarehe 1 Agosti. Kituo changu cha kwanza kilikuwa cha mahema. Naanza na mahema kwa sababu asiyewahi kuvaa ovaroli hawezi kuelewa kwa nini naisifu Cube, kile chumba cha plastiki cha mgonjwa mmoja, kiasi hiki.

Ovaroli, pea mbili za glavu, barakoa, kofia ya kufunika mpaka shingo, miwani, aproni, gambuti. Baada ya dakika ishirini vidole vinaogelea kwenye jasho na miwani imeingia ukungu. Ukikaribia kutimiza saa moja mle ndani, lazima utoke, hata kama mgonjwa anakuita. Na hatari kubwa iko kwenye kuvua: kila hatua unanawa glavu kwa klorini ya 0.5%, mwenzako akikusimamia. Siku moja, kwa uchovu, nilinyanyua mkono nipanguse paji la uso. Mnyunyizaji wa klorini akapiga kelele, "Dada, mikono chini!" Sikugusa ngozi. Hata hivyo siku 21 nilijipima joto asubuhi na jioni, na sikumbeba mwanangu.

Miezi saba iliyofuata nilifanya kazi na Cube, iliyobuniwa na shirika la misaada ya matibabu la ALIMA. Ni chumba cha mgonjwa mmoja chenye kuta za plastiki angavu, na ukutani imeunganishwa mikono mirefu yenye glavu. Unasimama nje na nguo zako za kawaida za kazi, unaingiza mikono, unapima presha, unarekebisha dripu, unamlisha mtu uji. Mashine ya mapigo ya moyo unaisoma ukiwa nje. Dawa zilizokuwa zikijaribiwa Kongo kuanzia Novemba 2018, mAb114 ikiwemo, zilitolewa kwa dripu, na mgonjwa wa dripu anahitaji jicho lisilobanduka. Kwenye hema jicho hilo lilikuwa la kuiba kati ya zamu na zamu.

Kuna jambo lililonigusa zaidi. Kwenye mahema tuliandika majina kifuani kwa kalamu nzito, maana mgonjwa aliona macho tu. Mama mmoja aliyehamishiwa kwenye Cube alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiye wewe? Sauti naijua, uso ndiyo naona leo." Siku hiyo alimaliza bakuli la uji. Wanawe walikaa nje kwenye kiti cha plastiki wakamsimulia habari za mbuzi wao aliyezaa mapacha.

Cube haikuondoi kabisa kwenye ovaroli. Zipo kazi ambazo lazima uingie. Ila mara za kuingia zinapungua, na kila mara usiyoingia ni mara moja usiyovua.

Wanaofikiria kuileta hospitalini kwao waulize umeme kwanza. Mle ndani kunahitaji kiyoyozi, kwa hiyo jenereta na mafuta ya akiba viwepo kabla mgonjwa hajalazwa. Kisha wauguzi wapewe siku kadhaa za mazoezi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mimi nilishinda siku mbili nikifungua chupa ya maji na kumimina kikombeni kwa glavu zile, mpaka nikaacha kumwaga.