Elfu tano ya kuambiwa "spika imekufa"

Kuna meza moja ya fundi pale Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, imenitoza shilingi elfu tano ya "kuangalia" hedifoni zangu, zilizokuwa zikivuma sikio la kushoto. Kuangalia kwenyewe kulikuwa kuchomeka waya kwenye simu yake, kusikiliza kama sekunde kumi, kuchomoa, halafu: "Bosi, spika ya kushoto imekufa hii. Haitengenezeki. Chukua hizi mpya, elfu thelathini na tano." Hakushika bisibisi. Hakushika mita ya kupimia umeme, na mita ilikuwa imelala mezani mbele yake. Nilipomuuliza amejuaje kuwa ni spika na si waya, alijibu bila kuinua macho: "Kama unajua si ungetengeneza mwenyewe?"

Haya, nimetengeneza mwenyewe. Na spika haikuwa imekufa.

Spika iliyokufa hailii, jamani. Koili, ule waya mwembamba uliozungushwa unaochezesha utando wa spika, ikikatika, upande ule unanyamaza kimya, basi. Upande unaovuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo bado una koili nzima na bado unapokea umeme. Hapo ama kuna kitu kinaugusa utando wa spika unapocheza, ama kuna kitu kimelegea pembeni yake kinatetemeka, ama waya umeanza kuchoka. Huo ni ufundi wa siku ya kwanza. Mtu anayekula kwa kazi hiyo akikosea hapo, halafu akamjibu mteja vile mbele za watu, inauma kuliko hiyo elfu tano. Tanga tumezoea kuongea vizuri hata na waja leo, yaani wageni.

Hedifoni zenyewe ni za waya, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Kabla hujaipeleka yako kwa mtu, hakikisha kwanza kwamba mlio ni wake. Mvumo mzito usiobadilika, unaosikika hata wimbo ukiwa umesimama, mara nyingi ni umeme wa ukutani, ule wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), unaopenya kupitia chaja ya kompyuta isiyo na ethi, yaani waya wa ardhini. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukikata, hedifoni haina kosa. Ukisikia "ti-ti-ti, ti-ti-ti" kwa vipindi, hiyo ni simu iliyo karibu inaongea na mnara kwa mtandao wa 2G, hasa muda mfupi kabla ya kuita. Isogeze mita moja. Na kama mlio unatoka kwenye wimbo mmoja tu, wimbo ndio mbovu, au umeongeza besi kwenye simu kupita kiasi.

Mlio wangu haukuwa mmoja wa hiyo. Kimya kulikuwa kimya. Sauti ya mwimbaji ikiwa peke yake ilikuwa safi kabisa. Lakini weka taarabu za Black Star, kikundi cha hapa Tanga, zile zenye gitaa la besi linalotembea chini, na kila noti nzito ilikuja na "zzzz" sikio la kushoto.

Sasa kipimo ambacho hakina gharama. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, kuna kitufe cha sauti ya mono. Kiwashe, pande zote mbili zipate sauti ileile. Mlio ukisikika upande mmoja tu, shida iko kwenye hedifoni. Halafu kamata waya karibu na jeki, ile ncha ya kuchomeka kwenye simu, ukunje taratibu huku na huku, kisha ufanye vivyo hivyo pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Sauti ikikatika au ikikwaruza unapokunja, ni waya. Kuna dalili nyingine ambayo wengi huiita spika mbovu: muziki unabaki kama umetumbukia kwenye mtungi na mwimbaji anapotea. Hapo ni waya wa ethi, ambao kwenye hedifoni ni ule wa pamoja unaorudisha umeme wa spika zote mbili, umekatika. Spika mbili zinabaki zimeungana mfululizo, na kile kilicho sawa kushoto na kulia, yaani sauti ya mwimbaji, kinajifuta.

Kisha tafuta programu ya kutoa toni, anza hezi 20, panda polepole, sauti ikiwa chini. Yangu ililia kuanzia kama 90 mpaka 140, na kupita 300 ikawa safi. Utando hucheza kwa upana zaidi kwenye besi, kwa hiyo kitu chepesi kinachougusa hulia hukohuko chini. Koili iliyopinda na kusugua sumaku inakwaruza kwa eneo pana zaidi, na mkwaruzo wake ni mkavu.

Mita nayo. Weka kwenye omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa ncha ya jeki na ethi, sehemu ya nyuma kabisa, hapo unapima kushoto. Gusa pete ya kwanza na ethi, hapo kulia. Kuwa mwangalifu na jeki yenye maikrofoni, ile yenye sehemu nne: kwa simu nyingi za sasa ethi ni ya tatu kutoka kwenye ncha, na ya mwisho kabisa ni maikrofoni. Nilipata 33 kushoto na 32 kulia. Spika "iliyokufa" ilikuwa na omu 33, yaani koili nzima! Dakika moja tu, kwa mita kama ileile iliyokuwa imelala pale mezani.

Kufungua si kazi ya kutisha. Sponji inavuliwa kwa kuvuta pembeni kwa ukucha, na chini yake kulikuwa na skurubu nne ndogo. Tandika kitambaa cheupe, na usifanye kazi hii kwenye meza ya mtu anayekata vyuma kwa tupa, maana sumaku ya spika itazoa kila unga wa chuma ulio karibu, na hapo umejinunulia mlio mwingine. Ndani nilikuta unywele mmoja, kama sentimita mbili, umepita kwenye tundu za kava na kulala juu ya utando. Pembeni kulikuwa na chembe chache nyeusi za mchanga, zile zinazoshikwa na sumaku. Basi! Hiyo ndiyo maiti niliyoambiwa nizike.

Usiutoe unywele kwa kibano cha chuma. Sumaku itakivuta ghafla na utautoboa utando, kisha fundi wa watu atakuwa amesema kweli. Tumia kijiti cha meno chenye kipande kidogo cha selotepu kwenye ncha, gusa, inua. Chembe za chuma hazipeperushwi, zinanaswa na selotepu. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Kompresa ya gereji ndiyo usiilete kabisa, itaubonyeza utando ndani mara moja. Spiriti isiguse utando wala koili, inaweza kulegeza gundi.

Nikarudia toni, 90 mpaka 140: safi. Lakini kukunja waya pale unapoingia kwenye kikombe kukaleta mkwaruzo mdogo ambao mwanzoni ulifunikwa na ule mlio. Na hapa hasira ikahamia kwa waliotengeneza hedifoni hizi. Nilitaka kuzisifu, kwa sababu sauti yake ni nzuri na hazibani kichwa. Ila waya umegundishwa moja kwa moja, hauchomoki, na pale unapoingia hakuna hata kimpira cha kuuzuia usikunjike. Waya wa ethi ulikuwa umeota kijani kwenye risasi ya kuchomelea. Jasho na upepo wa chumvi wa huku kwetu hufanya hivyo kwa shaba isiyolindwa, lakini mtu anayeuza kitu duniani kote anajua kuna watu wanaoishi pwani. Kwa hilo siwezi kuzipendekeza tena. Mwanzoni nilikuwa nimekata shauri kusema nunueni.

Waya huu unatengenezeka. Kata sentimita moja ya sehemu iliyooza, vua mpira. Nyuzi za ndani zimepakwa vanishi ya rangi, na risasi haishiki mpaka vanishi iungue. Hapa ndipo wengi wanashindwa na kusema waya "haukubali". Weka tone la risasi kwenye ncha ya chuma cha kuchomea, joto kama nyuzi 350 hadi 380, zamisha ncha ya waya ndani yake sekunde mbili tatu mpaka moshi utoke na waya ung'ae. Usikwangue kwa wembe, nyuzi zitakatika. Ule uzi wa nailoni ulio katikati ukate, vinginevyo unayeyuka na kuzuia risasi. Kwenye masikio ya spika, pale nyaya zinapochomelewa, usizidishe sekunde mbili, kwa sababu plastiki inayeyuka na nyaya za koili ni nyembamba kama nywele. Nyekundu kwa kawaida ni kulia, kijani au buluu kushoto, ya shaba tupu ni ethi, lakini thibitisha kwa mita. Ukigeuza nyaya upande mmoja, besi itapotea na utadhani umeua spika. Kabla ya kufunga, piga fundo waya kwa ndani ili ukivutwa fundo ndilo libebe.

Mimi sikununua kitu zaidi ya risasi. Ukilazimika kubadilisha waya mzima, hesabu elfu tatu mpaka tano. Utando ukichanika, badilisha spika zote mbili, usibadilishe moja, kwa sababu mpya na ya zamani hazitalingana sauti. Na kama hedifoni ilikuwa ya bei ndogo, hapo ndipo nakubali kununua nyingine. Zile ndogo za kuingiza ndani ya sikio, zilizogundishwa, ukizifungua mara nyingi hazifungi tena. Safisha tu wavu wake.

Kuhusu meza ile, haki itendeke: kioo cha simu walishanibadilishia na kimekaa vizuri mpaka leo. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kwa vioo waendeeni. Nalifuta. Mtu anayetangaza kifo bila kufungua skurubu nne, kwenye kioo naye atasema nini siku simu yako ikizima? Elfu tano yangu ilikuwa ya kuangalia, na hakuangalia.

Wiki kadhaa sasa upande wa kushoto unatoa sauti safi. Juzi nimefungua na upande wa kulia, ethi yake nayo imeanza kuota kijani. Nitaikata kabla haijaanza kukwaruza.