Mbio za pikipiki: Isle of Man au Silverstone?

Hapa Malindi, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria stejini hubishana: mbio zipi ni kiboko, za barabarani kama TT (Tourist Trophy) ya kisiwa cha Isle of Man, au za uwanjani kama Silverstone kule Uingereza?

TT ilianza 1907. Mzunguko mmoja ni kilomita 60 na ushei, katika barabara za kila siku: kuta za mawe, nguzo za taa, milango ya nyumba za watu. Waendeshaji huachiwa mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 10. Mwaka 2023 mwendeshaji Mwingereza Peter Hickman alizunguka kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa! Utamu wake naukubali: mtu anashindana na saa, kwenye barabara aliyoikariri kona kwa kona. Lakini ukiteleza, unapokelewa na ukuta. Zaidi ya waendeshaji 250 wamefia pale.

Silverstone kuna changarawe ya kumpunguzia kasi aliyetoka njiani. Mara nyingi huinuka, akajipangusa vumbi. Mashindano ya dunia yaliihama TT baada ya 1976, kwa sababu ya hatari hiyo hiyo.

Na anayetaka kuiga TT usiku kwenye barabara yetu ya Lamu, ajue haijafungwa kwa ajili ya mbio: mbele kuna tuktuk, punda, na mama anayevuka na mtoto. Mimi nachagua uwanja, bila kusita.