Unguja msimu wa kusi: nenda kwa boti, rudi kwa ndege

Kila anayeniuliza namna ya kufika Unguja huanza na nauli. Boti ni kiasi gani, ndege ni kiasi gani, na hiyo nyongeza ya ndege ina maana yoyote? Siku hizi, kabla sijajibu, nauliza kwanza: unakwenda mwezi gani? Nimevuka kati ya Dar es Salaam na Unguja mara nne, tatu kwa boti ziendazo kasi na moja kwa ndege ndogo, zote mwezi wa Julai, na mara zote nne upepo ndio ulioamua nitashuka katika hali gani.

Tazama ramani. Mji wa Unguja uko karibu kaskazini moja kwa moja mwa Dar. Kusi, ule upepo wa msimu wa katikati ya mwaka, kama jina lake, inatoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Inaanza kushika kwenye Aprili, inakaza Juni, Julai na Agosti, kisha inalegea kuelekea mwisho wa mwaka, ambapo kaskazi inachukua zamu. Kwa hiyo Julai boti inayokwenda Unguja inasukumwa mgongoni, na ile inayorudi Dar inapigana na mawimbi uso kwa uso. Bahari ni ile ile, boti ni ile ile, lakini ni safari mbili tofauti kabisa.

Mwaka jana sikulijua hili. Nilikwenda vizuri, nikasinzia nusu ya njia, nikashuka Malindi, bandari ya Unguja, nikiwaambia wenzangu kwamba wanaolalamikia boti wanatia chumvi. Siku tatu baadaye nikarudi na boti ya alasiri, nimekaa viti vya mbele kabisa kwa sababu nilitaka kuona vizuri. Hatukuwa mbali na kisiwa cha Chumbe pale mambo yalipobadilika. Omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, inanyanyuka, inaning'inia kidogo, halafu inashuka kwa kishindo mpaka viti vinatetemeka, na kabla mwili haujajipanga inanyanyuka tena. Wahudumu walipita wakishikilia migongo ya viti, mkono mmoja umebeba furushi la mifuko ya kutapikia, wakigawa bila kuulizwa. Mtoto wa mbele yangu alianza, akafuata mama yake, kisha mimi. Safari ambayo siku ya shwari haifiki saa mbili ilituchukua saa mbili na nusu, na niliposhuka Dar nilikaa chini ukutani, nje ya geti, mpaka ardhi ilipoacha kuyumba.

Mwaka huu nilitaka kumpeleka mama. Ana miaka sitini na minne, hajawahi kuvuka bahari, na kila nilipotaja boti alitaja 2012. Hofu yake ina msingi. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka mchana ikitoka Dar, karibu na Chumbe hapo hapo, bahari ikiwa chafu. Mama anakumbuka redio ya siku zile. Sikumwambia kwamba hofu yake ni ya bure. Nilimweleza kitu kimoja kimoja: boti zinazobeba abiria wengi siku hizi katika njia hii ni katamarani, zile zenye matumbo mawili yaliyounganishwa juu, tiketi inaandikwa jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na upepo ukizidi, safari huahirishwa. Nikamwonyesha pia kwamba tutarudi kwa ndege. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya akubali.

Kuhusu bandari ya Dar, nisikufiche, ndiyo sehemu iliyonichosha kuliko bahari. Ukishuka mwendokasi pale Posta ya Zamani ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini hizo hatua chache zina wapiga debe wa kutosha. Mmoja wao, amevaa kizibao chenye rangi kama za wafanyakazi na kitambulisho shingoni, alimwambia mama kwamba tiketi za asubuhi zimekwisha na yeye amebakiwa na mbili. Tulikuwa tumeshanunua, kwa hiyo tulipita. Baadaye, ndani, niliona viti vitupu si chini ya ishirini. Nunua tiketi kwenye ofisi ya kampuni au kwenye mtandao wake, siku moja kabla ikiwezekana, na begi lako usimpe mtu njiani kama hujapatana naye bei. Na kama ni mgeni wa jiji, ukimwambia dereva "nipeleke feri" anaweza kukushusha kwenye kivuko cha Kigamboni, kilichoko mbele zaidi. Sema "boti za Zanzibar".

Tulichagua boti ya saa moja asubuhi, na hili nalisisitiza. Upepo wa pwani huwa na tabia ya kupanda kadiri jua linavyopanda, hivyo bahari ya asubuhi mara nyingi ni laini kuliko ya saa tisa. Mama alikunywa uji mwepesi alfajiri, akameza kidonge cha kuzuia kutapika saa moja kabla ya kuondoka kama mfamasia alivyomwelekeza. Ukisubiri mpaka kichefuchefu kianze, dawa imechelewa.

Na kiti. Watu hukimbilia juu na mbele, kama nilivyofanya mimi mwaka jana. Boti inapopanda na kushuka, mbele ndiko kunakorushwa zaidi, na kadiri unavyokaa juu ndivyo unavyoyumba. Anayeogopa kulewa bahari akae ghorofa ya chini, katikati au nyuma kidogo, mahali anapoweza kuona nje. Wazee wana msemo, "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, ngama ni tumboni mwake. Wao walikusudia jambo jingine, lakini mimi nauchukua hivi hivi ulivyo: katikati ya chombo ndiko kwenye utulivu. Daraja la juu lina viti vipana na utulivu zaidi wa watu, ila mawimbi hayasomi tiketi. Nililipia daraja la kawaida na sikujuta.

Ndani kulikuwa na baridi kali ya viyoyozi, runinga yenye sauti kubwa mno, na choo ambacho baada ya saa ya kwanza hakikutamanika. Beba mtandio au sweta. Mabegi yetu yalirundikwa nje sehemu ya mbele pamoja na magunia ya vitunguu, na tulipofika, begi la mama lilikuwa limelowa maji ya chumvi upande mmoja. Mhudumu niliyemuuliza alisema tu, "Ndiyo bahari hiyo, kaka." Jibu hilo halikuniridhisha, turubai moja lingetosha. Simu, dawa na hati zako zikae nawe kitini.

Pembeni mwa mama alikaa bibi mmoja wa Kiunguja, buibui nyeusi, kikapu cha ukili mapajani. Tulimwamkia, akaitikia, akamtazama mama vizuri. Tulipotoka kwenye mlango wa bandari na boti ikaanza kuyumba ile ya kusukumwa kutoka nyuma, inayokwenda upande mmoja taratibu kisha mwingine, mama alifumba macho na kushika mkono wa kiti kwa nguvu. Bibi alitoa ndimu kwenye kikapu, akaikwaruza ganda kwa ukucha mpaka harufu ikanifikia hata mimi, akamwekea mkononi.

"Nusa hii, dada. Na macho yafungue, utizame nje kule mbali. Ukifumba ndiyo unailewa."

Alikuwa sahihi, na sababu yake inaeleweka. Sikio la ndani linahisi mwendo; macho yakiwa yamefungwa au yakitazama sakafu hayaoni mwendo wowote; ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Mtu akitazama mstari ambako bahari inakutana na mbingu, macho na sikio yanaanza kusema jambo moja. Mama alitazama nje. Baada ya robo saa vidole vyake vililegea kwenye mkono wa kiti. Ile ndimu hakuiachia mpaka tunafika.

Mnara wa taa wa Chumbe, ambao umesimama tangu 1904, ulitokea upande wa kulia, na mama akauliza kama ndipo pale. Nikamwambia ndipo karibu na pale. Aliinamisha kichwa, midomo ikisogea kimya kimya, na bibi akaitikia amina bila kuuliza dua ilikuwa ya nani.

Kuingia Unguja kwa bahari ni jambo ambalo ndege haiwezi kukupa. Mji Mkongwe unainuka mbele yako polepole, kuta nyeupe zilizoliwa na chumvi, mapaa ya mabati yenye kutu, mashua za uvuvi, bustani ya Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, bado ina jeraha lake: sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kuliona kutoka majini kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Kisha unashuka Malindi na uko mjini tayari. Hoteli yetu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, teksi haikuhitajika, na mapapasi, wapiga debe wa huku, walioturukia getini waliacha tulipowaambia kwa upole kwamba tunakokwenda tunakujua. Wageni kutoka nje ya nchi wajue kwamba tangu 1 Oktoba 2024 wanatakiwa kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar. Ni rahisi kuimaliza mtandaoni kabla ya safari kuliko kusumbuka nayo ukiwa na mabegi.

Sasa ndege. Nauli yetu ilizidi ya boti zaidi ya mara mbili, na kwa saa za safari nzima hukuokoi muda kama unavyodhani. Angani ni dakika ishirini hivi. Ongeza teksi hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, saa moja ya kusubiri, kisha ukifika Dar uko Barabara ya Nyerere na foleni yake, wakati boti ingekushusha katikati ya jiji. Anayenunua tiketi ya ndege kwa ajili ya muda, apige hesabu upya. Sisi tuliinunua ili mama asikutane na kusi uso kwa uso.

Kilichotuudhi ni mzigo. Ndege ilikuwa Cessna Caravan, ya injini moja, abiria kumi na mmoja siku ile, na kikomo kilikuwa kilo kumi na tano kwa mtu. Kiliandikwa kwenye tiketi kwa maandishi madogo, nikakisoma. Ambacho hakikuandikwa popote ni kwamba sanduku gumu la magurudumu lingekataliwa kwa sababu haliingii kwenye tumbo la ndege. Tulifungua sanduku la mama mbele ya foleni nzima, nguo zake tukazihamishia kwenye mfuko wa salfeti ambao kijana wa mapokezi alitutafutia, na sanduku likaja na ndege iliyofuata saa tatu baadaye. Kijana alikuwa muungwana, kosa halikuwa lake. Kampuni iandike mstari huo mmoja kwenye tiketi, basi. Wewe beba begi laini. Na usishangae ukiambiwa upande mizani wewe mwenyewe, kwani katika ndege ndogo kila kilo inahesabiwa na kila mtu anapangiwa pa kukaa ili uzito ulingane. Mama alivua viatu kabla ya kupanda mizani, na hakuna aliyemwambia avivae.

Ilitikisika tulipopita kwenye mawingu ya chini, mitikiso mifupi mifupi, ikaisha. Kwa sababu ya kusi tulirukia upande wa kusini, moja kwa moja juu ya maji. Mama alikuwa dirisha la kulia. Chumbe ilipita chini yetu, kijani kidogo chenye mnara kama njiti ya kiberiti, maji yakiwa ya rangi ya chupa kwenye matumbawe, kisha buluu nzito, na kwenye ile buluu madoa meupe maelfu kwa maelfu: vichwa vya mawimbi. Katikati yake kulikuwa na boti moja ikielekea Dar, ile ya mchana ambayo tungepanda. Kutoka juu ilionekana kama imesimama. Halafu mbele yake palipasuka povu jeupe, pakatulia, pakapasuka tena.

Mama aliitazama mpaka ilipobaki nyuma yetu. Akatoa ile ndimu kwenye pochi, imeshakauka ganda, akainusa.