WaterGuard kwenye maji ya mitungi: inafanya kazi, ila ina masharti yake

WaterGuard ni dawa ya klorini ya kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa. Chupa ya mililita 150 inatosha mitungi 50 ya lita 20, maji yakiwa maangavu. Kifuniko ndicho kipimo: kimoja kwa maji maangavu, viwili kwa yenye tope. Funga mtungi, tikisa, subiri nusu saa. Wengi huiruka hiyo nusu saa, na dawa huwa haijamaliza kazi.

Kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mathare na Kibera, dawa hii si anasa. Paipu za plastiki hupita ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yakikatwa, paipu tupu hufyonza uchafu kupitia viungo vilivyolegea, ndiyo maana mitungi ya kwanza maji yanaporudi ni ya kuogopa zaidi. Mwenye bomba ndani ya nyumba hulipa kidogo kwa kila lita na mara nyingi hahitaji chupa. Wa kibandani hulipia maji ghali, kisha anunue na dawa. Hapo chupa haina kosa.

Inapoishinda njia ya kuchemsha ni hapa: klorini hubaki majini. Maji yaliyochemshwa, ukichovya kikombe kichafu, yameharibika tena, na makaa yameshaungua.

Tope ndilo adui yake, kwani hula klorini kabla haijafikia vijidudu. Acha maji yatuame, chuja kwa leso iliyokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Yakibaki ya kahawia, heri pakiti ya PUR, unga wa kusafisha maji yenye tope: moja kwa lita 10, koroga dakika 5, acha tope lituame, chuja kwa kitambaa cha pamba, subiri dakika 20. Ute wa kijani ndani ya mtungi nao hula dawa vilevile. Tia kokoto, sabuni na maji kidogo, tikisa hadi ung'oke.

WaterGuard haiondoi chumvi ya maji ya kisima, wala madini ya floraidi. Kimelea cha kriptosporidiamu hakifi kwa kipimo hiki, basi maji ya mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu yachemshwe.

Wanaolalamikia harufu wajue kwamba ikisikika kidogo, dawa ingali ipo. Isiposikika kabisa baada ya nusu saa, rudia kipimo na usubiri tena. Chupa ikae kivulini, maana joto huidhoofisha. Na kifuniko hiki kisipimie Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo: ni kali zaidi, na zile zenye manukato si za kutia kwenye maji ya kunywa.