Programu ya "kunoa ubongo" wa kijana: nyota mbili

Tumeitumia miezi kumi. Mwanangu alianza akiwa na miaka 12 na nusu. Mchezo mkuu ni rahisi: umbo linatokea, unagusa kushoto au kulia kabla halijatoweka, programu inahesabu milisekunde. Mwezi wa kumi ikamletea cheti chenye fataki: kasi ya ubongo imepanda asilimia 22! Akazunguka nacho nyumba nzima.

Sasa, asilimia hizo wamezipata kwa kumlinganisha na siku yake ya kwanza. Mtoto wa umri huo huongeza kasi hata asiposhika simu. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Robert Kail alijumlisha matokeo ya tafiti nyingi za kasi hiyo, na mkondo ukaonekana: kasi hupanda haraka utotoni, huendelea kupanda taratibu zaidi wakati wa kubalehe, kisha hukaribia ya mtu mzima. Kinachochangia ni mielini, utando wa mafuta unaozidi kuzifunika nyuzi za neva na kupitisha ishara upesi. Ndiyo maana vipimo vya maana humpima kijana dhidi ya rika lake. Hawa wa programu ni kama fundi cherehani anayempima mtoto urefu kila likizo, halafu anadai yeye ndiye aliyemrefusha.

Halafu kuna mazoea. Mimi, mama mtu wa miaka 46, umri ambao kasi hii imeshaanza kushuka, nilicheza wiki tatu nikapanda asilimia 15. Nikabadilisha mkono, alama zikaporomoka. Kumbe kilichonolewa ni kidole gumba.

Nyota ya kwanza naitoa kwa sababu haina matangazo. Ya pili ni ya grafu ya kila siku, kitu pekee kilichotufaa: siku alizolala vibaya zilionekana wazi, majibu yakichelewa na kuyumbayumba. Ajabu ni kwamba programu hiyohiyo inatuma arifa saa nne usiku, eti asipocheza atapoteza mfululizo wake wa siku! Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa walale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Nilizima arifa mara mbili, zikarudi baada ya sasisho.

Wiki iliyopita nimesitisha usajili. Kitufe wamekificha chini ya kurasa tano, na hapo hakuna aliyekuwa akihesabu milisekunde zangu. Kijana aliuliza kama sasa kasi yake itarudi nyuma. Nikamwambia aende kulala.