Kiti kimoja, kadi mbili: uzoefu wangu na bima ya macho hapa Ohio

Nafanya kazi ghalani hapa Columbus, huu mwaka wa sita, na kwa miaka mitano nilikuwa naikataa bima ya macho. Kila zinapokuja karatasi za bima mwisho wa mwaka: afya naweka tiki, meno naweka tiki, macho naruka. Nilijiambia jicho nalo si liko mwilini? Ile ya afya kazi yake nini? Wenyeji wa hapa wanajua tofauti. Sisi wageni tunafundishwa na bili.

Nilipofika miaka 43 mkono ukaanza kuwa mfupi. Simu naishika mbali kama inaniunguza, na lebo za maboksi nasoma kwa kubahatisha. Nikaijaza bima ya macho: dola 7 kwa mwezi, zinakatwa kwenye mshahara, hata sizisikii.

Kupimwa kwenyewe nililipa dola 10; asiye na bima pale analipa 95. Unaweka kidevu kwenye mashine, unatazama picha ya puto mwisho wa barabara, mashine inakadiria namba yako. Kisha upepo unapulizwa jichoni, wa kupima presha ya jicho (niliruka mpaka yule dada akacheka). Halafu ile ya kubadilishiwa lenzi huku unaulizwa "hii au hii?" ambayo mpaka leo nina wasiwasi nilijibu ovyo.

Duka la miwani liko mlango wa pili, na hapo ndipo uwe macho. Bima yangu inatoa dola 150 za fremu. Nilipenda ya 180, zile 30 za juu nikapunguziwa asilimia 20, nikatoa 24. Lenzi ni dola 25, lakini hizo ni za kawaida. Nilitaka za kuonea mbali na karibu kwa pamoja, nikaongeza 60. Baada ya hapo muuzaji akaanza: hii ya kuzuia mng'aro, hii ya mwanga wa kompyuta, hii isiyochubuka. Nikamwambia ahsante, inatosha. Kuna pia picha ya ndani ya jicho, dola 39, bima haigusi. Hiyo nililipa kwa sababu ya baba yangu, Tanga, aliyemaliza uzee wake akiona kwa jicho moja, nasi nyumbani tukasema ni umri tu.

Daktari aliiangalia ile picha kwa muda mrefu. Presha yangu ilikuwa 24, na kawaida mwisho ni 21. Akasema haina maana tayari ninaumwa, ila presha ya macho mara nyingi haina maumivu. Inakula uoni wa pembeni kwanza, na kilichopotea hakirudi. Nirudi kwa kipimo cha kubonyeza kitufe kila ninapoona kidoti cha mwanga.

Nikarudi na kadi yangu ya macho, daktari yuleyule, kiti kilekile. Wiki tatu baadaye ikaja bili ya dola 180. Kumbe bima ya macho ni ya kupima kwa ajili ya miwani. Daktari akianza kufuatilia ugonjwa, au dalili ya ugonjwa, hesabu inahamia bima ya afya, na yangu haianzi kuchangia mpaka nimetoa dola 1,500 zangu za mwaka. Mapokezi hawakuniambia neno. Hapo ndipo nawakata nyota. Sasa nikipiga simu kuweka miadi swali langu la kwanza ni: hii mtaitoza kadi ipi?

Jirani yangu mzee, mwenye Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee), yake iko vilevile kwa sura nyingine. Kupima kwa ajili ya miwani hailipii. Lakini kwa kuwa ana kisukari, inachangia uchunguzi wa macho mara moja kwa mwaka, na alipotolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, ikachangia miwani moja.

Kitu kimoja kilichonifurahisha: ukimaliza kupimwa wanapaswa kukupa karatasi ya namba za macho bila malipo, ununue au usinunue kwao. Ni sheria ya nchi nzima. Nimeagiza nayo miwani ya pili mtandaoni kwa dola 30, ya kazini, nisiililie ikikanyagwa. Ila umbali kati ya mboni haukuandikwa. Niliupima na rula mbele ya kioo, na miwani imekaa sawa.

Kwa dola 84 za mwaka nimepata kipimo na miwani kwa bei ambayo bila bima ingenitoka karibu mara mbili, hata ukijumlisha makato yenyewe. Nyota nne kwa bima, tatu kwa mapokezi. Vidoti vilitoka salama. Narudi baada ya miezi 6, na nimeshauliza: ni kadi ya afya.