Hamamu ya Çemberlitaş, Istanbul: maoni ya msingaji wa maharusi

Kazi yangu ni kusinga maharusi, yaani kuwasugua mwili kwa singo, mchanganyiko wetu wa kunukia, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, na huu ni mwaka wa 19. Mtu akiniuliza kama hamamu fulani, yaani bafu la umma la mvuke, inafaa, simwelezi habari za taa na mapambo. Namwambia ngozi ilivyotoka.

Nilikwenda Istanbul na wifi yangu, ambaye huchukua nguo za jumla mtaa wa Laleli. Siku ya pili tu, kwa uchovu, niliingia hamamu moja ndogo jirani na hoteli yetu, na nilijuta. Sikukaa kwenye joto hata dakika kumi, nikaitwa, nikasuguliwa ngozi ikiwa bado kavu. Nilitoka na michubuko miwili begani na nongo zangu ninazo mwilini. Bibi harusi ukimfanyia hivyo, singo inamchoma usiku kucha.

Siku ya nne wifi akaniambia tujaribu ile kubwa. Kutoka Laleli ni vituo viwili vya tramu, unashukia Çemberlitaş, na mlango uko pale pale karibu na nguzo ndefu ya mawe ya Konstantino. Hamamu hii ni ya mwaka 1584. Ramani yake ilichorwa na Sinan, mjenzi mkuu wa masultani wa Kituruki, kwa amri ya Nurbanu Sultan, mama yake Sultan Murad wa Tatu. Bibi huyo alifariki mwishoni mwa 1583, kwa hiyo hakuiona ikiisha. Aliiweka wakfu: mapato ya kuogea watu yaende kuendesha msikiti wake ulioko Üsküdar, ng'ambo ya maji. Jambo hilo lilinigusa sana. Sisi tunajua wakfu wa minazi na wa nyumba. Yeye aliweka wakfu usafi wa watu.

Wanawake wana upande wao na wahudumu wao wanawake, dada zangu msiwe na wasiwasi. Chumba chetu cha kuvulia nguo si kipana, kwa sababu karne ya 19 barabara ya Divanyolu ilipopanuliwa, sehemu ya upande wa wanawake ilibomolewa. Unajifunga kitambaa mfano wa kikoi chepesi. Chukua nguo ya ndani ya akiba. Zamani waliingia na mitalawanda ya mbao, ile ile ya bibi zetu, ili nyayo zisiungue na zisiteleze.

Chumba cha joto ndicho kilichonifunga mdomo. Juu ni kuba lenye matundu ya vioo vya mviringo, na mwanga wa mchana unashuka kwa mistari katikati ya mvuke mpaka chini, kwenye jiwe kubwa la marumaru. Unalala juu ya jiwe hilo. Joto halitoki hewani tu, linapanda kutoka chini ya mgongo wako, maana hamamu hizi zilijengwa sakafu ikiwa na uwazi chini yake, moshi na hewa ya moto ya tanuri vikipita humo kabla ya kutoka nje. Nililala pale karibu nusu saa na hakuna aliyeniita. Kwanza jasho likaja usoni, kisha kifuani, mwisho kwenye magoti. Nilipojipitisha kidole mkononi, ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka majini.

Ndipo mama mmoja mtu mzima, mikono minene, akaja na mfuko wake wa kusugulia, mkavu na mkwaruzo kidogo. Nikamwita "abla", yaani dada, akacheka. Alianza mkononi kwa mkupuo mrefu mmoja, toka kiganjani hadi begani, bila kurudi nyuma. Nongo zikatoka zimejiviringa kama tambi, za kijivu. Akaushika mkono wangu akanionyesha, kisha akamwaga maji. Hakuchubua popote. Baadaye akachovya kitambaa kama foronya kwenye maji ya sabuni, akakijaza hewa, akakikamua, na povu likanifunika mwili mzima.

Maji anayachota kwa bakuli la shaba wanaloliita tas. Sisi tunasema tasa. Anachota kwenye hodhi la marumaru ukutani, na nililitazama vizuri: halina tundu la kutolea maji, na hakuna anayeingia ndani yake. Maji safi yanatiririka, yanachotwa, yanapita mwilini na kwenda zake. Hakuna anayekaa kwenye maji aliyokwisha kuyachafua. Anayejua kuoga josho ataelewa mara moja fikra hiyo imetoka wapi. Na karne hiyo hiyo ya 16, kule Ulaya Magharibi, waganga wengi walikuwa wakiwaonya watu kwamba maji ya moto yanafungua vinyweleo na kuingiza tauni. Mabafu ya umma mengi yakafungwa, na wenye uwezo wakaona kubadilisha shati la kitani kunatosha.

Nikiwa pale niliwaza kwetu. Tunayo Hamamni, ya enzi za Sultan Barghash, na Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Kuta zipo, watalii wanapiga picha, maji hakuna. Nimezaliwa hatua chache kutoka Hamamni na sijawahi kuoga humo. Inaniuma, na nasema wazi: natamani hata chumba kimoja kingewashwa tena.

Bei si ya kila wiki. Lipia kusuguliwa na povu, inatosha; mafuta unaweza kuyaacha. Nenda asubuhi, kunywa maji ya kutosha, na mwenye mimba au presha amuulize daktari kwanza.

Nimerudi na mfuko wa kusugulia. Bibi harusi wa Ijumaa iliyopita nilimkalisha kwanza chini ya kanga mbili nzito, na ndoo ya maji ya moto yenye mchaichai miguuni, nusu saa nzima kabla sijaigusa singo. Mama yake akagonga mlango mara tatu kuuliza kama tumeanza. Nikamjibu, tumeshaanza.